Gurudumu la Kaka, Gurudumu la Kitinda

Bisibisi ilizama kwenye rimu kama inaingia kwenye papai bivu. Dereva aliichomoa, akatazama tundu lililobaki, na maji ya kutu yakamchirizikia kiganjani. Akachoma tena pembeni kidogo, ikazama tena. Akahamia gurudumu la pili la nyuma, upande wa pili wa trekta, akiomba kimoyomoyo walau hilo liwe zima, lakini nalo lilikuwa limeoza vilevile kuzunguka valvu. Alikaa kitako chini, mgongo ameuegemeza kwenye tairi, akasema peke yake, "Haya sasa."

Mtu mwingine angeshukuru kwamba rimu zimeoza zote mbili kwa mpigo. Unanunua pea, unafunga, unarudi shambani. Lakini huyo mtu mwingine hakuzaliwa katikati ya Kaka na Kitinda.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, limeundwa kabla hata yeye hajazaliwa, ekzosi imesimama wima juu ya boneti na kiti ni cha chuma kitupu kilichotobolewa matundu ili maji ya mvua yasituame. Lilikuwa la baba yao. Mzee alipokuwa anaaga dunia aliwaachia wanawe watatu maneno mafupi: trekta lisiuzwe, na lisigawanywe. Kuuza, kweli hawakuuza. Kugawana waligawana, tena kwa namna ambayo ukimsimulia mgeni anadhani unamtania.

Kaka, ambaye ndiye mkubwa, na Kitinda, kitindamimba wa nyumba ile, waligombana kwa sababu ya pampu ya maji. Mmoja aliiazima, ikarudi haivuti, na kila mmoja akaapa kwamba iliharibikia mikononi mwa mwenzake. Pampu ilishatupwa zamani, ila maneno waliyorushiana siku ile hayakutupika. Tangu hapo hawasalimiani. Nyumba zao zimepeana mgongo, uani wamesimamisha ukuta wa mabati, na trekta wakalipasua kama kitenge: kulia kwa Kaka, kushoto kwa Kitinda. Kaka akapaka madigadi yake rangi ya buluu. Kitinda naye hakukubali kupitwa, akapaka yake kijani. Kila mmoja huosha upande wake, huutia grisi upande wake, na taa ya upande wake ikiungua huibadilisha mwenyewe. Injini, kwa kuwa haina kulia wala kushoto, ilibaki ya wote. Usukani ukaachiwa dada yao.

Dada huyo ndiye mtoto wa kati. Alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, akapewa chumba cha mzee, kile kinachotazamana na mabati. Kuendesha alijifunza tangu msichana, amekaa kwenye madigadi huku baba yake akimwachia usukani kidogo kidogo. Ndugu zake walipokosana, hakuna aliyetaka kumwona mwenzake amekalia kile kiti, na mtu pekee waliyekubaliana naye, bila kuambiana, alikuwa yeye. Akalima shamba la Kaka, akalima la Kitinda, akalima ya majirani, mpaka watu wakaanza kumwita Dereva na jina alilopewa na mama yake likabaki la kwenye kitambulisho.

Kuishi katikati ni kazi, msione mtu amekaa kimya mkadhani amepumzika. Akila mchana kwa Kaka, jioni atakula kwa Kitinda hata kama tumbo limejaa hadi kooni. Akipandia trekta kushoto, atashukia kulia, asije mtu akasema ana upande. Kwa kulia huwa anaruka, na kila akiruka goti humlaumu hadi jioni. Akiulizwa jambo lolote hujibu, "Mtakavyoona nyinyi." Watu walimsifu kwa busara, wakasema mwanamke yule ndiye gundi ya nyumba. Sifa hizo hazikumpunguzia vidonda vya tumbo.

Na shamba si la mchezo. Limelala kwenye mteremko kuanzia nyuma ya nyumba hadi chini kwenye korongo, na trekta hulima kwa kukata mteremko huo kiubavu, likienda na kurudi, gurudumu moja juu na lingine chini. Mzee alijua hatari yake. Ndiyo maana alijaza maji ndani ya tyubu za nyuma, ili magurudumu yawe mazito na trekta ling'ang'anie ardhi. Miaka mingi maji yale yalilishika trekta mlimani. Yakawa pia yanavuja taratibu pale kwenye valvu na kuila rimu, bila mtu kujua.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na majirani walikuwa wanamuuliza kila wakimwona ataanza lini. Dereva aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kugonga mlango wa Kaka. Alianza kwa Kaka kwa sababu mara ya mwisho alianza kwa Kitinda.

"Rimu imekufa, Kaka," alisema. "Inabidi tubadilishe gurudumu zima, na tairi lake."

"Ya upande wangu?"

"Za pande zote mbili."

"Mimi nimeuliza ya upande wangu." Kaka alikuwa anakunywa chai na hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Nitanunua jipya. Refu, lenye meno marefu, sio takataka. Huko kwingine sikujui."

Alizunguka mabati, akamkuta Kitinda ananoa panga. Akaeleza upya, neno kwa neno.

"Yeye ananunua lipi?" Kitinda aliuliza.

"Jipya. Refu."

"Basi mimi nataka la zamani, kama lile aliloliweka mzee. Watu wengine kazi yao kujionyesha tu."

"Kitinda, mdogo wangu, si ingekuwa vizuri kama..."

"Kama nini, dada?"

Alimtazama. Angeweza kuimalizia ile sentensi. Ilikuwa pale, mdomoni, fupi kabisa. Akasema, "Mtakavyoona nyinyi."

Fundi wa matairi anaitwa Pancha. Uwanja wake uko kando ya barabara, umezungushiwa matairi yaliyofukiwa nusu ardhini, na ndani yamepangwa mengine marefu kuliko mtu, ya malori, ya mikokoteni, ya mashine ambazo hazipo tena duniani. Dereva aliwahi kufika kabla ya ndugu zake, akatembea peke yake kati ya marundo, akigusa, akibonyeza, akichungulia ndani ya rimu. Nyuma kabisa, chini ya turubai, aliyakuta mawili yamelala pamoja. Mafupi kidogo, mapana, yametumika lakini meno yake bado yanauma mkono, rimu zake zimepakwa rangi juu ya chuma kizima. Aligonga kila moja kwa spana, ikalia sauti ile ile.

"Umeona vizuri," Pancha alisema nyuma yake. "Hao mapacha. Wametoka kwenye trekta moja, kama lako. Kwa mteremko wa kwenu hutapata wengine. Ni wafupi, wamekaa chini, ukiwajaza maji hata tembo hawaangushi."

Dereva aliweka kiganja juu ya tairi moja, akakiacha pale. Aliyataka yale magurudumu, tena aliyataka kwa roho yake yote, na akashangaa, maana ilikuwa siku nyingi hajataka kitu. "Nitawaambia," alisema.

Hakuwaambia. Kaka alifika, akapita moja kwa moja hadi kwenye matairi mapya yaliyosimamishwa mbele, akalipiga teke lililo refu kuliko yote, akasema hili. Aliondoka bila hata kukaa. Kitinda, aliyekuwa amesubiri ng'ambo ya barabara mpaka kaka yake apotee, aliingia, akachagua la zamani lililolika meno, lililobaki peke yake bila mwenzake. Alisema linamkumbusha mzee. Rimu zote mbili zilikuwa za kipimo kimoja pale zinapofungwa na nati, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema haziingii. Zingeingia. Shida ilikuwa huko nje, mahali tairi linapokutana na udongo.

Pancha aliyasimamisha yote mawili ubavu kwa ubavu ukutani. Alichukua ubao, akaulaza juu yake, na ubao ukainama upande wa Kitinda. Dereva alipima kwa mkono wake: vidole vinne, vimebanwa pamoja, vilipita vizuri kwenye ile nafasi.

"Dada," Pancha alisema polepole, "mimi kazi yangu kuziba pancha. Sichimbi makaburi."

"Ukiyajaza upepo yatakaribiana."

"Upepo gani huo, wa kimbunga? Hili refu, hili fupi. Huko kwenu hakuna tambarare hata ya kuanikia kikapu. Halafu huyu mkubwa amesema nisitie maji, eti ndiyo yaliyoozesha rimu. Kwa hiyo trekta litakuwa jepesi na limeegemea upande. Nani ataliendesha?"

"Mimi."

"Basi waambie."

Ni rahisi kwa Pancha kusema hivyo, yeye ndugu zake wako mbali na humpigia simu sikukuu. Dereva aliutazama ubao ule ulioinama na akaona mambo yote yatakavyokwenda. Akisema la Kitinda ni fupi mno, Kitinda atasema amenunuliwa na Kaka. Akisema la Kaka ni refu mno, Kaka ataacha kumsalimia, na nyumba itabaki na watu watatu wasiosemeshana badala ya wawili. Aliutoa ubao, akausimamisha pembeni, na vidole vyake vinne akavificha kwenye mkunjo wa kanga.

"Funga tu, fundi," alisema.

Siku ya kulijaribu hakufunga jembe nyuma. Alijisemea kwamba anataka kwanza kulizoea. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hupenda kuwa na vitu vichache vya kushughulikia. Alipanda kupitia kushoto, akakaa, na papo hapo akahisi kiuno chake kimeinamia upande mmoja, kama amekaa kwenye kiti chenye mguu uliovunjika. Kaka alikuwa amesimama juu, karibu na mabati, mikono nyuma. Kitinda alikuwa mwisho wa shamba, kule kwenye kigeuzio, ameegemea nguzo ya uzio. Kila mmoja alikuja kuona gurudumu lake linavyofanya kazi.

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri hata akashtuka. Kulia, kwenye gurudumu refu la Kaka, ndiko kulikokuwa upande wa chini wa mteremko, na ule urefu wa ziada ukaufidia mlima. Trekta lilikwenda limekaa sawa kama liko barabarani. Meno mapya yalikuwa yanauma udongo. Kaka aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kitinda naye, kwa kuwa upande wake haukuonekana kuwa na kasoro, alikunja mikono kifuani na kutabasamu. Dereva alivuta pumzi. Labda Pancha anapenda tu kutisha watu, alifikiri. Labda niliogopa bure.

Kisha akafika kwenye kigeuzio, na hapo ndipo akaelewa alichokuwa anaogopa. Akigeuza, pande zinabadilishana. Gurudumu refu litapanda juu na lile fupi litakwenda chini, na vidole vinne vilivyokuwa vinamsaidia vitageuka kumsukuma kuelekea korongoni. Angeweza kusimama pale. Angeweza kuzima injini, ashuke, aseme. Kitinda alikuwa karibu naye kabisa, anamwona jasho.

"Vipi, dada? Safi?"

"Safi," alisema, na akakata usukani.

Mwanzoni lilikwenda. Alikuwa ameliegemea trekta kwa mwili wote upande wa juu, kalio moja liko nje ya kiti, mkono wa kulia umeshika madigadi ya buluu. Injini ilikuwa inakoroma chini kabisa, gia ya kwanza. Alitazama mbele, asitazame kushoto, kwa sababu kushoto kulikuwa chini, na chini kulikuwa na korongo. Lilipofika katikati ya shamba, gurudumu la Kitinda lilitumbukia kwenye shimo. Halikuwa shimo kubwa. Lilikuwa tundu la panya buku, limefunikwa na majani makavu, kitu ambacho trekta la mzee lingekipita bila kukuamsha.

Kiti kiliinama chini yake. Upande wa kulia ukawa mwepesi ghafla, na akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia miaka yote ile: gurudumu la juu likizunguka bila kugusa kitu. Alikanyaga klachi, akakanyaga breki. Trekta likasimama, limeinama, gurudumu la buluu liko hewani, likitikisika kidogo kwa mtetemo wa injini. Udongo uliokuwa kwenye meno yake ulikuwa unamdondokea begani.

"Ruka!" Kaka alipiga kelele kutoka juu. "Achana nalo, ruka!"

"Usiruke!" Kitinda alipiga kelele kutoka kwenye nguzo. "Ukijitikisa linakwenda! Kaa hapo hapo!"

Hata hapo hawakukubaliana. Angekuwa na nguvu angecheka. Ili aruke upande wa juu ilimbidi akanyage kwa nguvu upande wa chini, na alihisi kwenye mifupa kwamba trekta halitamruhusu. Mguu wa kushoto kwenye klachi ulianza kutetemeka. Tetemeko likapanda gotini, lile goti bovu, likapanda pajani. Mguu ule ukichoka klachi itaachia, trekta litasukuma, na mambo yataishia pale. Alikuwa na hofu iliyomkausha ulimi. Chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, na kilimshangaza zaidi: alikuwa na hasira. Nakufa, aliwaza, nakufa kwa sababu sikutaka kuwaudhi.

"Njooni!" alisema. Sauti ilitoka kavu, akaisukuma tena. "Njooni hapa wote wawili! Mpande upande wa juu! Kitinda, usipite chini yangu, zunguka nyuma!"

Kaka alifika kwanza, anateleza kwenye udongo, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alijitupa kwa tumbo juu ya madigadi yake ya buluu, akaning'inia. Gurudumu likashuka kidogo, likasita, likabaki hewani, nafasi ya ngumi moja kati yake na ardhi. Kaka alikuwa mzito, ila uzito wa mtu mmoja haukutosha.

Kitinda alitokea kwa nyuma anahema. Akasimama mbele ya madigadi ya buluu, mikono ameinua nusu. Ni miaka mingapi hajaigusa rangi ile? Dereva alimwona akiitazama, na alimwona pia akimtazama kaka yake aliyening'inia pale kama nguo iliyoanikwa, mguu mmoja mtupu.

"Kitinda!" Dereva alilia, na alikuwa analia kweli, machozi yanamwingia mdomoni. "Mguu wangu unachoka!"

Kaka hakugeuza kichwa. Alinyoosha mkono nyuma, vidole vimefunguka.

"Panda, bwana," alisema. "Nishike mimi. Panda."

Kitinda aliushika. Akapanda mgongoni mwa kaka yake zaidi kuliko kwenye trekta, goti lake likiwa mbavuni mwa mwenzake, na gurudumu la juu likashuka, likagusa, likauma udongo.

"Msishuke," Dereva alisema. "Mkishuka nimekwisha."

Aliiachia klachi kidogo kidogo, kwa mguu ambao hakuuhisi tena kuwa wake, akageuza pua ya trekta ielekee chini, kwa sababu kwenye mteremko salama yako iko kule kule unakokuogopa. Trekta lilitoka kwenye shimo, likajinyoosha, likashuka kichwa mbele, polepole, injini ikilizuia. Chini, kabla ya korongo, kuna ukanda wa tambarare wanamopitishia mikokoteni. Alipofika pale akakata kulia, na trekta likawa juu ya ardhi iliyolala. Hatari ilikuwa imepita. Kila mmoja wao alijua.

"Simama tushuke," Kaka alisema. Alikuwa bado amelala kifudifudi, na Kitinda yuko juu yake.

"Bado."

"Dada, si tumeshafika tambarare?" Kitinda alisema.

"Mtashuka nikisema mimi."

Hawakuijua sauti ile, na yeye mwenyewe hakuijua vizuri. Alipita langoni, akaingia barabarani, trekta likienda limepinda upande mmoja na wanaume wawili wazima wamebanana kwenye madigadi moja ya buluu, ile ya kijani tupu. Watu walitoka madukani kutazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia aliacha ufagio ukaanguka. Kwenye tuta Kitinda alipoteleza, Kaka alimkamata ukosi wa shati, na hakuuachia hadi walipofika.

Pancha alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliwaona, akaacha kufuta.

"Fundi," Dereva alisema akiwa bado kitini, "wale mapacha wapo?"

"Wapo. Chini ya turubai."

"Hawa wawili tunakurudishia, tubadilishane. Niletee wale."

Pancha aliwatazama wanaume waliokuwa wanajishusha, mmoja kiatu kimoja, mwingine suruali imepasuka goti. Fundi huyu amewahudumia miaka yote, anajua masharti ya nyumba ile. Kwa hiyo aliuliza kama alivyozoea, "Sasa la kulia ni la nani, na la kushoto la nani?"

"Yote ni yangu."

Kaka alifungua mdomo. Kitinda pia, maana kwenye jambo la kubisha hawachelewani.

"Nani kati yenu anakaa hapa?" Dereva aliwauliza, akipiga kile kiti cha chuma kwa kiganja. "Mimi ndiye ninayekaa hapa. Mmeninunulia jeneza, kila mmoja ubavu wake. Na mimi nilijua. Nilipima kwa vidole vyangu hivi, fundi alikuwepo, nikasema funga tu."

"Ulijua?" Kaka aliuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema, dada?"

"Ningemwambia nani?" alisema. "Niambieni. Yupi kati yenu ningemwambia kwamba lake ndilo baya, na kesho yake bado niwe na ndugu wawili?"

Barabarani lori lilipita, vumbi likaingia uwanjani, likatulia. Kaka alikuwa anautazama mguu wake mtupu. Kitinda alizungushia mkono goti la suruali, akijaribu kuziba pale palipopasuka, kama mtoto aliyerudi nyumbani amechelewa.

"Dereva amesema," Kaka alimwambia Pancha hatimaye, bila kuinua macho. "Walete."

Kazi ya jeki na spana ilichukua muda, na walisaidia, kila mmoja akishika kinachomfikia mkononi. Magurudumu yalipotoka chini ya turubai, Dereva aliyasimamisha ukutani, akalaza ubao juu yake, na ubao ukalala. Akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jaza maji," alisema.

"Maji ndiyo yaliyo..." Kaka alianza. Kitinda alimgusa kiwiko, na akanyamaza.

Walirudi jioni, yeye akiendesha, wao wakitembea nyuma, si pamoja na si mbalimbali. Uani, mbele ya mabati, alizima injini. Kwa mazoea alijivuta kuelekea kulia, maana kwa fundi alikuwa amepandia kushoto. Akasita, akageuka, akakanyaga kidato cha chuma, akashuka taratibu upande ule ule aliopandia.

Kaka alikuwa amesimama kulia, mkono umeshanyooka kumpokea. Aliinama akatazama chini ya madigadi yake, akapapasa pale kwa kiganja, upande alioufuta na kuung'arisha miaka yote ile.

"Kumbe huku hakuna kidato?" aliuliza.

"Hakijawahi kuwepo," Dereva alisema, akaingia ndani.